Sura ya Nne: Vibanio Vitatu Vitatu

"Kidole changu ndicho ushahidi," sajini alisema, akakiinua juu ya meza. Kilifungwa bandeji nyeupe, kinene kama mshumaa.

Mama Majivu alikitazama kwa heshima zote. "Kitaapishwa saa ngapi, afande?"

Askari wa zamu aliyekuwa kaunta alijifanya anakohoa. Sajini hakukohoa wala hakucheka.

Mama Majivu alikuwa mpelelezi wa moto. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, siku alipotoka ndani ya ghala lililoungua akiwa mweusi kuanzia nyusi hadi soli. Hakulikataa. Alishaitwa mabaya zaidi, tena na ndugu wa damu.

"Taniana na mwenzio," sajini alisema. "Saa nane mchana mzee anapanda kizimbani, mimi kazi yangu imekwisha. Sikiliza. Jumamosi saa sita mchana, chumba cha kupaka mafuta pale karakana ya samani kinawaka. Kimefungwa kwa ufunguo, wazima moto wanavunja. Milango kumi na mmoja mipya ya ukumbi wa mikutano, ya kuchukuliwa leo Jumatatu, yote mkaa. Mle ndani kuna jiko la gesi la kuyeyushia nta. Analitumia mtu mmoja tu, mpakaji wao, huyo Mzee Kioo. Ufunguo anao. Kiberiti tumekikuta mfukoni mwake. Na Ijumaa watu wamemsikia anagomba, eti milango ile haigusi."

"Anagomba na nani?"

"Na msimamizi. Kwa nini, hasemi. Namuuliza jiko alizima lini. Ananiambia saa tatu asubuhi, akatoa sufuria ya nta akaiweka uani, akaenda zahanati kutiwa dawa ya macho. Saa tatu, Mama Majivu. Mimi saa sita na robo nafunua sufuria hiyo hiyo uani, naingiza kidole. Nta ya moto, imening'ang'ania mpaka ngozi. Saa tatu nzima na robo, nta bado ya moto? Mzee anaongopa. Alirudi akawasha tena, akaliacha."

"Sufuria ilikuwa imezungushiwa gunia?"

"Magunia mawili, na kifuniko. Kama mtoto mchanga."

"Iko wapi?"

Ilikuwa stoo ya vielelezo, ina namba na kikaratasi. Mama Majivu alisaini, akaibeba mwenyewe mpaka jikoni walikopikia chai askari, akaiweka motoni mpaka nta yote ikawa maji. Saa mbili na nusu aliiepua, akatumbukiza kipimajoto, akafunika, akazungushia magunia yale yale mawili, akaitua juu ya meza ya sajini katikati ya mafaili.

"Kila robo saa unasoma namba, unaandika," alisema. "Usiingize kidole. Kimoja kinatosha kwa kesi moja."

"Mimi ni sajini, si mpishi."

"Mpishi ningemlipa, afande."

Kabla hajaondoka aliomba kumwona mzee. Alimkuta kwenye benchi ndani ya mahabusu, amekaa wima kama yuko studio kupigwa picha. Walimwita Mzee Kioo kwa sababu meza ikitoka mkononi mwake, mtu angeweza kunyolea ndevu juu yake. Miaka thelathini na minne alikuwa akipaka mbao mafuta. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, na mkunjo wa mkono ungekata mkate. Koti lake la kazi, la kahawia, lilikuwa limekunjwa pembeni, likinuka mafuta chumba kizima.

"Shati la harusi hilo, mzee wangu."

"La mahakamani," alijibu. "Msimamizi kaniletea asubuhi hii, na chupa ya chai. Kila siku anakuja. Nilimpokea hajui hata kushika msasa, leo ndiye anayenivisha."

"Ijumaa mligombana nini?"

Mzee alishusha macho kwenye vifungo vya shati. "Mambo ya kazi. Ya baba na mwanawe. Hayana moto hayo."

"Yanaweza kukufunga miaka saba."

"Basi na yawe yangu, binti."

Mama Majivu alijua ukimya wa mtu mwenye hatia, maana hutokwa jasho. Ukimya huu ulikuwa mkavu. Mzee alikuwa anamficha mtu.

Njiani alipitia zahanati. Muuguzi wa macho hakuhitaji daftari kukumbuka.

"Yule mzee? Alifika saa tatu na nusu. Saa nne kasoro nikamtia dawa, nikamfunga macho yote mawili, nikamkalisha hapo pembeni yangu mpaka saa sita kasoro. Asingeona hata mlango ulipo. Muda wote anapapasa meza yangu hii, ananiambia aliyeipaka alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

"Polisi walikuuliza hayo?"

"Walipiga picha daftari wakaondoka. Nikasema haya, labda daftari linaongea."

Kwa hiyo mzee hakurudi kuwasha chochote. Lakini zilibaki namba za nta. Bila hizo, hakimu angekiamini kidole.

Karakana ilikuwa kimya, mashine zimezimwa, mafundi wamepewa mapumziko. Chumba cha mafuta kilisimama bila paa mwisho wa uwanja. Mama Majivu alivaa glavu, akaanza na jiko. Koki yake ya shaba ilikuwa haijayeyuka, na ilikuwa imegeuzwa mpaka mwisho upande wa kufunga. Aliandika. Mzee alisema alizima, na jiko lilisema hivyo hivyo.

Kutoka hapo alifuata weusi wa ukuta. Moto hupanda ukifungua mikono, na alama yake huwa nyembamba pale ulipozaliwa. Alama ya ukuta huu ilianza mbali na jiko, kwenye kona iliyosimamishwa ile milango, nyuma ya pipa la bati la kuwekea maranda ya mbao. Alilala kifudifudi, akachokoa kwa kijiko ndani ya pipa lililoanguka. Likatoka bonge la nguo, ukubwa wa kichwa cha mtoto, limeshindiliwa mpaka limekuwa kitu kimoja. Alilipasua taratibu. Nje, nyuzi za kitambaa bado zilionekana. Katikati palikuwa majivu matupu, ya kijivu, laini kama poda.

"Umeungulia tumboni," aliliambia lile bonge. "Pole."

Nguo iliyochomwa kwa kiberiti huanza kuungua ngozi. Hii ilianza moyo. Na nguo za namna hiyo kwenye chumba cha mpakaji ni za aina moja tu: matambara ya mafuta ya kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji, yakaruka yakapotea. Hukauka kwa kula hewa, na kila yakila hutoa joto kidogo. Tambara moja juu ya waya, joto hilo linachukuliwa na upepo, hakuna anayejua. Matambara mengi yaliyoshindiliwa pamoja ndani ya maranda, joto halina pa kutokea. Linazidi kujilundika, na likizidi mafuta yanakula kwa kasi zaidi, mpaka baada ya saa mbili, tatu, pipa linawaka na mtu hayupo.

Kila mpakaji anajua hilo. Ndiyo maana uani kulikuwa na waya mrefu, umefungwa nguzo hadi nguzo, wa kuanikia matambara moja moja.

Waya haukuwa na tambara hata moja. Mama Majivu alitembea chini yake akiangalia ardhi, akitarajia vibanio vilivyodondoka. Hakuna. Aliinua macho. Vibanio vya mbao vilikuwa juu, vyote kumi na vinane, vimesogezwa mwisho wa waya upande wa kushoto, karibu na nguzo. Vimebanwa vitatu, nafasi ya vidole viwili, vitatu, nafasi, vitatu. Vyote midomo chini. Kibanio cha mwisho kilikuwa kimebakiza uzi mmoja wa kitambaa, una mafuta.

Alipiga picha mara nne. Halafu alisimama pale muda mrefu kuliko picha zilivyohitaji.

Ng'ambo ya ua, cherehani ilikuwa inalia. Mshonaji, mama mnene mwenye sindano kifuani kama medali, alimkaribisha bila kusimamisha mguu.

"Jumamosi? Mzee alipita hapo nje saa tatu na kitu, akaniaga. Matambara yake yalikuwa yanapepea, nayaona hapa dirishani, na harufu inanijia yote. Nilipokuja kuchemsha chai saa nne, naona waya mtupu. Nikasema leo afadhali, wateja watapumua."

"Nani aliyaanua?"

"Nilikuwa na gauni la watu mdomoni mwa cherehani, dada yangu. Sikuona mtu."

Chaki ya kuchorea ilibiringika yenyewe kutoka katikati ya meza ya kukatia, ikaanguka. Mshonaji aliidaka bila kuangalia, kwa mazoea. Mama Majivu aliinama kutazama meza. Haikuwa meza. Ulikuwa mlango mpya, mpana, umelazwa juu ya mapipa mawili, na umejikunja kwa urefu kama jani linalokauka. Chini yake mshonaji alikuwa ameweka vipande vya matofali kuusawazisha.

"Huu umeutoa wapi?"

"Kanipa msimamizi, wiki mbili sasa. Ulikuwa umepinda kidogo tu, naapa. Kila siku unazidi. Usiku unalia, kwaa, kwaa, mume wangu anafikiri ni mimi."

Mama Majivu alipitisha kiganja juu ya ule mlango. Mbao mbichi. Imetengenezwa kabla haijakauka, na sasa inakauka kwa wakati wake na kujipinda itakavyo. Milango kumi na miwili, akahesabu. Mmoja ukawahi kujipinda, msimamizi akautoa njiani. Kumi na mmoja ikabaki chumbani, na wateja wangeichukua leo Jumatatu.

Alirudi uani, akatoa kwenye begi vitambaa vyake sita vya kufutia vifaa, akavilowesha, akavianika kwenye waya kwa vibanio sita alivyovitoa upande wa kulia wa safu, bila kugusa kile chenye uzi. Akasubiri.

Msimamizi alifika saa tano, na tabasamu na soda mbili za baridi. Mtu wa miaka arobaini hivi, msafi, mwepesi wa ulimi, wa kumpenda bila kujipangia.

"Dada, pole na vumbi. Mzee hajambo? Usiku sikulala kwa ajili yake."

"Shati limemkaa."

"Ni langu lile. Nilimwambia, baba, usiende mbele ya hakimu na koti la mafuta." Akatikisa kichwa. "Anaanza kusahau, dada. Naona uchungu kusema. Anaacha jiko, anaacha funguo. Nilimwambia sajini kwa kumsaidia tu, wamhurumie."

"Ufunguo wa pili unao wewe?"

"Ninao. Lakini Jumamosi nilikuwa ghala la mbao, upande wa pili wa mji. Stakabadhi yangu ina saa. Nne na nusu nimefika, mpaka saba. Moto umewaka mimi niko mbali."

"Kweli, ulikuwa mbali." Mama Majivu aliinua glavu zake nyeusi. "Kaka, hebu nianulie vitambaa vyangu pale, mikono yangu unaiona. Nisije nikavirudisha majivuni."

"Hamna shida." Akaziweka soda chini, akaenda, akiendelea kuongea. "Yule mzee amenilea, dada. Miaka kumi na minne. Sina baba mwingine." Mkono wa kuume ulivuta kitambaa, wa kushoto ukafungua kibanio, ukateleza nacho mpaka mwisho wa waya, ukabana. Kitambaa, kibanio. Kitambaa, kibanio. Vitatu, nafasi ya vidole viwili, vitatu. Midomo chini. Hakuviangalia hata mara moja.

"Vizuri," Mama Majivu alisema. "Nani kakufundisha kuvipanga hivyo?"

"Mzee." Alicheka. "Ukivitupa chini unakula konzi. Ukibana vinne anakurudisha mwanzo. Anasema fundi anajulikana kwa vitu vidogo..."

Aliangalia waya. Vibanio kumi na viwili vya Jumamosi vilikuwa pale, na sita alivyobana sasa hivi pembeni yao, na hapakuwa na mtu duniani angeweza kusema safu ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi.

"Matambara yalikuwa waya huu saa tatu," Mama Majivu alisema. "Saa nne hayapo. Mgeni angeyachomoa vibanio vikadondoka. Wanaovibana hivyo ni wawili. Mmoja alikuwa zahanati, amefungwa macho."

"Vibanio havisemi, dada."

"Havisemi. Vinakaa tu ulipoviweka. Mikono yako ina adabu kukushinda, kaka."

Vitambaa vilikuwa vinadondosha maji mkononi mwake. Alitafuta pa kuviweka, akakosa. "Nilisaini kwamba mbao imekaa miezi sita," alisema mwishowe, taratibu. "Ilikaa wiki tano. Nilitaka ziungue mbao tu. Mzee sikumtaja mimi, sajini ndiye..."

"Ulisema anasahau."

Mama Majivu alimwita askari aliyekuwa kwenye gari getini. Kisha akakata kipande cha waya upande wa kushoto, na vibanio vyake vyote, akakifunga kwenye karatasi.

Kituoni saa sita na robo, sajini alikuwa ameinamia sufuria, kofia iko nyuma ya kichwa.

"Nta yako imegoma," alisema, kama mtu aliyekosewa. Akasukuma karatasi. Saa ya kwanza joto lilishuka kutoka themanini mpaka sitini na tatu. Baada ya hapo mwandiko wake ulikuwa unazidi kukasirika: sitini na tatu, sitini na tatu, sitini na tatu, sitini na mbili, sitini na mbili. "Karibu saa nne tangu umeiepua. Moto hauna. Kwa nini haipoi?"

"Ilipoyeyuka ilimeza joto. Sasa inaganda, inalitapika kidogo kidogo. Mpaka imalize kuganda yote, haishuki. Mzee alizima saa tatu kama alivyosema, afande. Kidole chako hakikuongopa. Kilisomwa vibaya tu."

Sajini alikitazama kidole chake muda. Halafu akavuta faili, akachana karatasi ya juu. "Nani basi?"

Alimwambia. Sajini hakutania.

Mzee alitolewa mahabusu akiwa tayari kwa mahakama, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, koti la kazi akaliweka kwenye benchi. Mama Majivu aliweka waya mezani. Macho ya mzee bado yalikuwa na ukungu, hivyo aliinyoosha mikono akasoma kwa vidole. Vitatu. Nafasi. Vitatu. Alipitia mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena.

"Hivi nimevibana mimi?"

"Hapana, mzee wangu. Wewe ulikuwa unamkosoa muuguzi meza yake."

Vidole vilibaki juu ya kibanio cha mwisho, kwenye ule uzi.

"Nilimpa mpaka leo," alisema. "Ijumaa. Nilimwambia milango hii siipaki, itaaibisha karakana. Lakini simsemi kwa mtu. Nenda mwenyewe kwa mwenye kazi, ukakiri. Jumatatu. Akasema sawa, baba." Alikigusa kibanio tena. "Leo asubuhi kaniletea chai. Nikamuuliza, umeshaenda? Akasema bado, baba, tumalize hili lako kwanza."

Chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza. Askari wa kaunta alikuwa ameacha kuandika.

"Niandike?" sajini aliuliza, kwa sauti ambayo Mama Majivu hakuwahi kuisikia kwake.

"Andika. Yote. Na la mbao, andika."

Alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kutoka shingoni kushuka. Akalivua shati, akalitandaza mezani, akalikunja kwa utaratibu, mkono juu ya mkono, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka likawa mraba safi. Akalisukuma kando ya waya.

"Mrudishieni mwenyewe. Atalihitaji mbele ya hakimu."

Kisha akanyoosha mkono kwenye benchi, akachukua koti lake la kazi, akalivaa juu ya fulana. Harufu ya mafuta ikajaa chumbani. Alijifunga kamba ya kiuno kama anayeingia kazini, akageukia sufuria iliyokuwa bado mezani, akaiwekea kiganja ubavuni.

"Hii bado haijaganda," alimwambia sajini. "Usiifunue."